Kura Ile Irudieni: Barua ya Wazi kwa Vijana wa Shehia Yetu

Assalamu alaykum wajukuu zangu,

Juzi nilikaa nyuma kabisa ya darasa, kwenye lile dawati lenye mguu mbovu, nikawasikiliza mkisoma orodha ya miiko ya kwetu. Mliihesabu kumi na saba. Kupiga mluzi usiku, kufagia baada ya magharibi, kukalia kinu, kuomba sindano jua likishatua, mja mzito kula mayai. Kila ukisomwa mmoja, darasa zima kicheko. Na mimi nilicheka, sitasema uongo. Mwisho mkapiga kura, yote ifutwe. Mkaniuliza kwa adabu, "Bibi, una neno?" Nikasema sina. Nilikuwa nalo, lakini refu, na adhana ilikaribia. Sasa nalisema, mjukuu wangu anachapa kwenye simu, na nimemkataza kunisahihisha.

Nianze na mayai, maana hilo ni langu. Miaka yote niliyozalisha hapa kijijini niliwakataza wajawazito mayai. Tuliambiwa mtoto atazaliwa hana nywele. Nimeshika mikono ya mwanamke mwenye mimba ya tano, viganja vyeupe kama karatasi, damu haimtoshi, huku kuku anatetea chini ya kitanda chake mwenyewe, na mimi nikamwambia asiguse. Nionavyo leo, nywele hazikuwa na lao jambo. Yai lilikuwa la kuuza, au la mume. Mwiko ule ulimnyima mwenye njaa ukampa aliyeshiba. Huo futeni, na mkiwaona niliowakataza niombeeni radhi.

Lakini kinu? Kinu ni chombo cha chakula. Mtu katoka pwani na mchanga wake, akakikalia, kesho mnatafuna mchanga. Na sindano ikidondoka mkekani gizani, wa kwanza kuiona ni mtoto anayetambaa, ataiona kwa goti. Mtoto wa miaka sita ukimpa sababu hakusikii, ukimpa jini anakusikia. Ndiyo tukatiwa majini. Sasa mna umeme, ombeni sindano mtakavyo, sigombani.

Mjukuu wangu kanisomea kwamba Waingereza neno lao la mwiko, taboo, walilipata Tonga, huko visiwa vya bahari ya Pasifiki, Kapteni James Cook alipofika mwaka 1777 akawakuta watu na vitu visivyoguswa na visivyoliwa. Nikacheka. Kama hawakuwa na miiko yao basi hawakuwa na mama. Sisi tunalo la kwetu, na tunalitaja pia tukiwa jikoni tunakoroga wali. Tena tulikuwa na neno jengine, mzio, chakula ambacho mtu au ukoo haukili. Siku hizi madaktari wamelichukua, ukitokwa na vipele kwa kula kamba unaambiwa una mzio. Hawakukosea sana. Mzio wa zamani mara nyingi ulianza hivyo hivyo: mtu alikula, watu wakaona.

Hapa ndipo nilipotaka kuwasimamisha siku ile, mlipofika nambari kumi na moja, nyama ya kasa. Mmoja wenu akasema, "Huo ni umasikini wa fikra, nyama ni nyama." Mwanangu, wewe hukai nchi ya mbali. Novemba 2021 walikufa watu saba hapa hapa Pemba kwa kasa. Machi 2024, Kisiwa Panza, wakafa tisa, wanane kati yao watoto, na sabini na kitu wakalazwa hospitali. Sumu ile haiko katika kila kasa, ndiyo maana mtu anakula mara kumi akasema wazee waongo. Inasemekana anaipata kwenye vyakula vya baharini anavyokula, na ng'amba, kasa yule wa magamba ya mapambo, ndiye anayetajwa zaidi. Huioni, huinusi. Chemsha mpaka kuni ziishe, haitoki. Dawa yake haijapatikana. Na mama akila akanusurika, sumu inaweza kupita kwenye maziwa ikamuua anayenyonya. Masheikh wengi wa Kishafii wanamuharimisha kasa, na serikali nayo imekataza. Lakini mimi kabla ya kujua fat-wa wala sheria nilijua mkono wa mama yangu. Nilikuwa na miaka kama saba, jirani katuletea bakuli limefunikwa kawa. Mama kalipokea kwa mikono miwili, kashukuru vizuri sana, jirani kageuka. Mama akaenda nyuma ya nyumba, akachimba shimo kwa upawa, akalifukia lote, akaja akaosha bakuli mara tatu. Tukalala na muhogo mkavu. Hakunieleza kitu, alisema tu, "Kwetu haliwi."

Hebu niambieni, mama yule alikuwa mjinga?

Nambari kumi na nne mliipita haraka, na mimi nitaipita haraka. Kisiwa cha Misali. Mnajua kisa cha Nabii Khidhri kuomba msala wa kusalia kwa wavuvi, wakawa hawana, akasema kisiwa chenyewe ndio msala wake. Mtu akishuka pale alishuka kwa adabu. Serikali ilipokuja kuifanya hifadhi mwaka 1998 haikukuta pori lisilo na mwenyewe, ilikuta pahala panaheshimiwa. Na nyinyi mnaofunga mwamba wa pweza miezi mitatu, mkaweka zamu na faini, mnadhani mmefanya nini? Mmeweka mwiko. Mimi nimechokoa pweza tangu sijavunja ungo. Namjua pweza jike aliyetaga: hatoki shimoni, hali, anayapepea mayai yake kwa maji, amekonda, ukimgusa kwa mchokoo anaushika lakini hana nguvu. Anataga mara moja tu katika maisha yake, kisha anakufa. Ukimtoa yule umetoa na walio nyuma yake. Bibi zetu walisema mwamba fulani una mwenyewe, usiende bamvua hili. Nyinyi mnasema kamati imefunga. Sawa, semeni kamati.

Sasa nije kwenye mwiko ambao haukuwemo kwenye orodha yenu. Nilisubiri mpaka nambari kumi na saba, sikuusikia. Mmeuruka kwa sababu hata nyinyi mnaushika.

Muhali.

Miaka mingi nyuma alinijia mama usiku, kamfunika mwanawe kanga, mtoto wa miaka tisa. Mimi mkunga, niliona kwa macho yangu, hakuna wa kunidanganya. Aliyefanya alikuwa mtu wa karibu, tunakula naye sahani moja maulidini. Nilimuosha mtoto kwa maji ya vuguvugu. Nikamwambia mama yake, "Msitiri mwanao." Nilidhani nasema neno la dini. Asubuhi wazee wakakaa barazani, wakapatana, yule bwana akaambiwa ahame. Akahamia kwengine, kwenye watoto wengine. Hakuna aliyekwenda polisi. Nilipoulizwa na mtu wa pembeni kama niliona kitu, nilisema sikuona.

Yule mtoto leo ni mtu mzima, na yeye ana watoto. Tukipishana njiani ananiamkia, "Shkamoo bibi," kwa adabu zote. Hanitazami usoni.

Kuona haya ni kitu chengine, wajukuu zangu, msichanganye. Haya ni kutotaja tupu za watu sokoni, ni kumpa mfiwa faragha yake, ni mjane kuachiwa eda yake ya miezi minne na siku kumi bila kuulizwa ataolewa lini. Hiyo ishikeni. Muhali ni kuona halafu ukasema hukuona, kwa sababu ni mjomba, ni jirani, ni mtu mzima, tutatazamana vipi. Kesi za udhalilishaji zinafika mahkamani zinaanguka, si kwamba hakimu hana kitabu, shahidi hakuja. Shahidi yuko nyumbani anapika, kaona muhali. Na tulipokuwa na ukali, tuliupeleka kwa nani? Kulikuwa na sheria hapa Zanzibar ya mwaka 1985, msichana akipata mimba hajaolewa anakwenda jela. Ikakaa hivyo mpaka 2005 ilipobadilishwa. Nimewazalisha wasichana wanaolia si kwa uchungu wa mtoto, wanalia kwa kuogopa askari. Mwiko wa zinaa ni wa wawili, Mwenyezi Mungu hakuuteremsha kwa mmoja. Sisi tuliutwisha aliyekuwa na tumbo la kuonekana.

Kwa hivyo kura ile irudieni. Msiniulize mwiko gani wa zamani na upi wa kisasa. Kila mmoja ulizeni unamlinda nani: mtoto anayetambaa, pweza aliyetaga, mjane? Au yule bwana wa sahani ya maulidi? Na muhali muuandike nambari ya kwanza, kwa wino, mbele ya sheha, na wazee tuwepo tukisikia.

Mimi siwezi tena kupanda ngazi za skuli, goti limekataa. Ijumaa baada ya sala ya alasiri nitakuwa barazani kwangu, na kila Ijumaa itakayofuata Mungu akinipa uhai. Msichana mwenye neno aje, na mvulana pia aje, maana na wao wamo. Sitamuuliza alivaa nini, wala alikuwa akienda wapi saa ile. Nitachukua buibui langu twende kwa sheha, tutoke hapo twende polisi, na siku ya mahkama nitasema nilichokiona.

Bibi yenu, mkunga wa zamani.