Vijeba wanawamaliza watoto wetu kwenye ligi za mtaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo limenikaa rohoni tangu ligi ya vijana mtaani kwetu imalizike, nalo ni vijeba, yani watu wakubwa wanaodanganya umri wacheze na watoto. Mimi ni mzazi, nakaa Mbagala, kazi yangu fundi cherehani, sio kocha wala sio kiongozi wa mpira, ila haya nimeyaona kwa macho na mengine nimeyapima kwa futi yangu mwenyewe.

Kijana wangu ana miaka 13. Toka mdogo ni chandimu tu, akitoka shule begi linabaki mlangoni yeye huyo uwanjani mpaka mama yake amfuate giza limeshaingia. Mwaka huu akaniambia baba kuna ligi ya chini ya miaka 15, timu ya mtaa inasajili. Nilifurahi sana kwa kweli. Tukaenda kwa kocha jioni, wakataka picha mbili za paspoti, kopi ya cheti cha kuzaliwa na shilingi 5,000. Njumu tukapata za mtumba pale Karume, kubwa kidogo, ikabidi avalie soksi mbili mbili. Siku aliyopewa jezi, namba 8, nilienda kumwamsha asubuhi nikamkuta amelala nayo.

Seti ya jezi ilikuja saizi moja yote, kwa watoto wetu zilikuwa zinafika magotini, kwa hiyo kocha akaniomba nizipunguze. Nikabana mbavu, nikakata mikono, nikafanya bure, huo ndo ulikuwa mchango wangu. Sasa Mhariri, siku chache kabla ligi haijaanza timu ya mtaa mwingine ikaniletea jezi zao, ligi hiyo hiyo umri huo huo, ila wao walitaka nipanue. Mabega yanabana. Wakanitumia na kijana wa kupimwa, nikapitisha futi kifuani nikapata inchi 40. Nimeshona sare za shule miaka mingi, kifua cha mtoto wa form two nakijua. Shingoni alikuwa na vipele vya wembe, ndevu kazinyoa karibuni. Nikamuuliza kijana una miaka mingapi, akaangalia chini akasema kumi na nne mzee. Sikumjibu kitu, nikaandika vipimo kwenye daftari, na hilo la kunyamaza linaniuma mpaka leo.

Tulikutana nao mechi ya tatu. Mwanangu anapenda kupokea mpira akatulia, akageuka, akaangalia nani yuko wapi ndo atoe pasi, huo mchezo kaujenga mwenyewe kwenye chandimu hakuna aliyemfundisha. Siku ile kila akigeuka anakutana na kifua cha mtu. Kipindi cha kwanza kocha wetu alikuwa anawaambia chezeni chini, pasi fupi fupi, kipindi cha pili ikabaki neno moja tu, butua, butua! Nilimwelewa, alikuwa anaokoa miguu ya watoto. Tulikula mabao 6. Beki wetu wa kulia alitoka amebebwa, kifundo kimevimba, wiki mbili hajaenda shule. Kocha akakata rufaa na hela ya rufaa akatoa mfukoni kwake, jibu likarudi kwamba nyaraka za wachezaji ziko sawa. Nyaraka zenyewe ni hati ya kiapo badala ya cheti cha kuzaliwa, mtu anaenda tu kuapa kwamba kazaliwa mwaka fulani anagongewa muhuri, yamekwisha.

Wengi wanaona hili dogo, wanasema ni mpira wa mtaani tu bwana, watoto wanajifurahisha. Mimi naona hapa ndo uharibifu wenyewe unapoanzia. Mtoto wa miaka 13 akikutana na mtu wa miaka 19 hajifunzi mpira, anajifunza kuogopa mpira. Anaacha kupiga chenga mana akipiga chenga anaumia, anaacha kuuomba mpira, anabutua. Na kocha nae akitaka asifungwe anaanza kutafuta wenye miili, yule mdogo mwenye akili ya mpira anakaa benchi mpaka anachoka anaacha kuja mazoezini. Mechi tano za mwisho wangu alicheza dakika chache sana, na wiki ya mwisho akaniambia baba leo sijisikii kwenda. Mtoto ambae alikuwa anatolewa uwanjani kwa nguvu na mama yake.

Na hili hatulioni leo. Wenye kumbukumbu hawajasahau Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, walivyofuzu kwenda Gambia 2005 kwenye fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17, tukaenguliwa kwa sababu ya umri wa mchezaji, wenzetu wakaenda kucheza sisi tukabaki nyumbani. Siku hizi ndo ngumu zaidi kuficha, FIFA toka Kombe la Dunia la vijana la 2009 kule Nigeria wanapiga picha ya MRI kwenye kifundo cha mkono, wanaangalia mfupa kama umeshaungana, na mfupa hauna hati ya kiapo. Kwa hiyo kijana tunaemdanganyia umri huku mtaani akifika huko juu anakwama, na yule mwenye umri wake halali tulishamkatisha tamaa zamani. Tunakosa wote wawili.

Nimejiuliza kwa nini watu wazima wenye akili zao wanafanya hivi kwenye ligi ya watoto. Kwetu bingwa anapewa mbuzi wawili na seti ya jezi. Kiingilio cha timu ni elfu 50 na wanaotoa hiyo hela ni watu wazima, wanataka irudi, wanataka na sifa mtaa wao uonekane, na pembeni ya uwanja kuna wanaowekeana hela, hilo kila mtu analijua. Sasa hapo mtoto ameshasahaulika, imekuwa ndondo, yale mashindano ya mtaani ya wakubwa, imevalishwa jezi za watoto.

Na vijeba wenyewe siwachukii, naomba nieleweke hapo. Yule niliempima ni mtoto wa watu, kamaliza shule hana kazi, anapenda mpira. Ndondo za ukweli zimejaa watu wazoefu, wengine wanachukuliwa timu kubwa kwa malipo ya mechi, kijana wa miaka 18 au 19 hapati namba pale, na chini yake kuna ligi ya watoto. Aende wapi? Akiambiwa njoo ucheze sema una 14 atakuja. Kwa hiyo waandaaji wakiweka ligi moja ya chini ya 20 hapo hapo uwanjani, asubuhi wadogo jioni wakubwa, nusu ya tatizo imeondoka.

Nusu nyingine ni usajili, na hapo hatuhitaji mashine ya MRI. Kila mzazi, hasa akina mama, ana kadi ya kliniki ya mtoto, ile ya chanjo na uzito, iko kabatini imechakaa ila tarehe ya kuzaliwa inasomeka. Iletwe hiyo pamoja na barua ya mwalimu inayosema mtoto yuko darasa gani. Kisha majina yote ya wachezaji na picha zao na mwaka wa kuzaliwa yabandikwe kwenye ubao wa serikali ya mtaa wiki nzima kabla ya mechi ya kwanza. Sisi huku tunajuana, mjumbe anajua nani kazaliwa lini na nani kamaliza darasa la saba na nani, mtu akiona picha ya jirani yake pale ameandikwa ana 14 atasema. Hati ya kiapo ya kuapa mwaka huu kwa mtoto aliyezaliwa miaka 14 iliyopita isipokelewe peke yake, kwa nini mtu aape sasa hivi wiki ya usajili?

Na zawadi iangaliwe upya. Mbuzi wapewe wanaocheza ndondo, watoto wapewe mipira, kila timu mpira mmoja hata iliyoshika mkia, mana timu yetu ilifanya mazoezi msimu mzima na mpira mmoja uliotoka utumbo. Wenzetu Nairobi kule Mathare wana chama chao cha michezo ya vijana, MYSA, toka 1987, timu ikifanya usafi wa mtaa inapata pointi kwenye msimamo wa ligi, yani mtoto hawezi kuwa bingwa kwa mabavu peke yake. Mitaro ya kwetu inavyojaa mvua zikianza sioni kwa nini tusiige.

Kingine nisije nikasahau, mdogo wake kijana wangu ni binti ana miaka 11 na kwa mguu wa kushoto anamzidi kaka yake, ila kwenye ligi yetu hakuna hata timu moja ya wasichana. Serengeti Girls, timu ya taifa ya wasichana, 2022 walifika robo fainali ya Kombe la Dunia chini ya miaka 17 India, wakamfunga Ufaransa, na wale nao walikuwa mabinti wa mitaa kama hii. Naomba waandaaji walifikirie na hilo.

Nimeshaongea na kocha wetu, nimemwambia usajili wa msimu ujao ukifunguliwa mimi nitakuja kukaa pale mezani bila malipo, na futi yangu shingoni, na nimeshatoa kopi ya kadi ya kliniki ya mwanangu iwe ya kwanza kwenye faili. Wazazi wengine watatu wamekubali. Kijana bado hajasema kama atarudi, ila Jumapili nilimuona kazitoa njumu nje anazipiga brashi, sikumuuliza kitu.

Mzazi,
Mbagala, Dar es Salaam