Kwa Salma, kuhusu picha zako za hadubini

Mpendwa Salma,

Salamu nyingi, na za Mama Neema, ambaye kila tukionana huulizia masomo yako. Sisi tu wazima.

Nimeipokea barua yako na picha, na kilichonifanya niandike usiku huuhuu ni sentensi moja: kwamba glikoprotini (protini iliyobeba sukari) unayoifuatilia inatoweka pindi spermatidi (seli changa zinazogeuka kuwa mbegu za kiume) za panya mdogo zinapoanza kurefuka. Nakusihi usiiandike hivyo kwenye tasnifu.

Lektini ya karanga uliyoitumia, ile protini iliyotiwa rangi ing'aayo, hushika sukari, yaani galaktosi iliyoungana na N-asetili-galaktosamini, wala haijui sukari hiyo imebebwa na protini gani. Asidi ya sialiki, ambayo nayo ni aina ya sukari, ikiifunika, lektini hukosa pa kushika na mng'ao hufifia, ilhali protini yenyewe yaweza kuwa ipo palepale. Chukua basi vipande vya korodani ileile vilivyokatwa kwa kufuatana. Kimoja kitie kimeng'enya cha niuraminidesi kiondoe asidi ya sialiki, kingine kitie bafa tupu, yaani kimiminika kilekile bila kimeng'enya, kisha vyote uvipake lektini. Cha tatu kipake lektini iliyochanganywa na galaktosi nyingi ya kuiziba, na kikiendelea kung'aa, mng'ao huo usiuamini.

Picha ya spermatidi za mviringo imenifurahisha mno: kitone cha kijani kando ya Golgi (sehemu ya seli inayofungasha protini), na katika seli zilizokomaa zaidi kimetandaa juu ya kiini kama kofia. Akrosomu, ule mfuko wa vimeng'enya kichwani mwa mbegu, inaonekana wazi ikijengwa! Watafiti Leblond na Clermont waliifuata akrosomu hiyohiyo mwaka 1952 kwa rangi ya PAS, ambayo nayo hushika sukari, wakagawa mzunguko wa mirija ya korodani inayotengeneza mbegu, ya panya mkubwa wa maabara, katika awamu 14 (awamu ni mpangilio wa seli mrijani; hatua ni ukuaji wa spermatidi yenyewe). Panya mdogo kama wako ana awamu 12 tu, ingawa spermatidi zake hupitia hatua 16, na ndiyo maana namba 13 uliyoandika chini ya picha ya mwisho imenitatiza.

Narudi kwenye ombi langu: kabla hujamwonyesha Mwalimu, fanya jaribio la niuraminidesi. Je, hiyo 13 ni hatua ya spermatidi au awamu ya mrija? Korodani ulizihifadhi kwa kimiminika cha Bouin au kwa formalini? Kimeng'enya kipo maabara kwenu, au nikutafutie huku? Na kingamwili ya protini yenyewe, ile uliyosema imeagizwa, imeshafika?

Nasubiri jibu lako.

Rafiki yako,
Rehema