Bodi za prosesa za zamani zisiuzwe kwa kilo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo wengi wataliona dogo, lakini sisi tuliofundisha fizikia kwa miaka mingi linatuuma. Mwezi uliopita nilikwenda kwa mnunuzi mmoja wa vyuma chakavu hapa Dodoma kutafuta kipande cha bomba la kurekebishia tanki langu la maji. Bomba sikulipata. Kati ya majiko mabovu na betri za magari niliona bodi ya kielektroniki yenye urefu wa sentimita 40 hivi, iliyojaa chipu nyeusi zilizopangwa safu kwa safu kama punje za mahindi gunzini. Kijana aliyekuwa mzanini alinieleza kwamba bodi za namna hiyo huuzwa kwa kilo, na kwamba yupo mtu anayezipitia kuzichovya katika tindikali ili apate dhahabu iliyopakwa kwenye ncha zake. Niliinunua hapohapo.

Kwa maandishi yaliyochapwa juu yake nilitambua kuwa ni nusu ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya PDP-11/34, minikompyuta (kompyuta ndogo kuliko zile za kujaza chumba) ya kampuni ya Marekani ya Digital Equipment Corporation iliyotengenezwa katikati ya miaka ya 1970. Nasema nusu kwa kuwa prosesa ya mashine ile ilikaa kwenye bodi mbili, moja, kama hii yangu, ikibeba njia za data, yaani sehemu ya kupitisha na kukokotoa namba, na nyingine udhibiti, yaani sehemu ya kutoa amri. Kampuni hiyo ndiyo iliyokuwa imetoa PDP-8 mwaka 1965 kwa dola 18,000, bei iliyohesabiwa kuwa nafuu wakati ambapo kompyuta nyingi zilihitaji chumba kizima, kisha ikatoa PDP-11 ya kwanza mwaka 1970. Kwetu Tanzania, kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka huohuo wa 1965, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, hivyo masalia ya kizazi kile ni machache mno kwetu, na hayo machache ndiyo tunayoyapima mzanini.

Msomaji anaweza kuuliza bodi mfu ina faida gani. Prosesa ya simu iliyo mfukoni mwake ina transista (swichi ndogo sana za umeme) mabilioni zilizofichwa katika kipande kidogo kuliko ukucha, na hakuna mwalimu awezaye kuweka kidole juu yake akawaambia wanafunzi, “Hapa ndipo inapojumlisha.” Kwenye bodi hii anaweza. Zipo chipu nne za kukokotoa za aina ya 74181, kila moja ikiwa na miguu 24 na malango ya mantiki (saketi ndogo za kuamua ndiyo au hapana) yapatayo 75 ndani yake, na kila moja hushughulikia biti 4, yaani tarakimu nne za 0 au 1, hivyo zote nne kwa pamoja hutosha neno la biti 16 la mashine ile, yaani namba inayoshughulikiwa kwa mkupuo mmoja. Miguu minne ya kuchagulia, na mwingine wa kubadili hali, ndiyo inayoiamuru chipu ijumlishe, itoe, au ilinganishe biti moja moja. Mwanafunzi akipata chipu moja ya aina hiyo iliyo nzima, volti 5, swichi chache na taa ndogo, atayaona haya yote juu ya meza yake.

Hapo ndipo somo linapopata utamu. Mtoto wa darasa la tatu akijumlisha 27 na 15 huandika 2, kisha hubeba 1. Chipu nazo hubeba. Lakini ikiwa chipu ya nne itaisubiri ya tatu, nayo ya tatu iisubiri ya pili, mashine nzima itachelewa kama foleni ya ndoo bombani. Wahandisi waliweka basi chipu nyingine, 74182, ambayo hutazama makundi yote manne kwa wakati mmoja na kutangaza mapema nani atabebeshwa na nani hatabebeshwa. Wenzao wa kampuni ya Data General walikuwa wamechagua njia ya kubana matumizi: kompyuta yao ya Nova ya mwaka 1969 ilijumlisha biti 4 tu kwa mara moja na kurudia kazi hiyo mara nne ili kumaliza neno la biti 16, hadi ilipokuja SuperNova iliyofanya zote 16 kwa pamoja. Sijaona kitabu chetu cha kiada kinachomweleza mwanafunzi kwa uwazi kiasi hiki jinsi kasi inavyonunuliwa kwa vifaa.

Dhahabu inayotafutwa imo kwenye ncha 216 za kuchomekea upande wa chini wa bodi, nayo ni utando mwembamba tu. Lehemu yake ina risasi, kwa hiyo anayeichoma au kuichovya nyuma ya nyumba anawaachia watoto wake sumu.

Naziomba ofisi zinazofuta mali chakavu zimwite mtu anayejua vifaa hivi kabla ya kuita lori. Chuo Kikuu cha Dodoma kina ndaki nzima inayofundisha kompyuta, na rafu moja ya vioo ingetosha kwa kuanzia. Mji huu umeweza kuhifadhi miamba na madini katika makumbusho ya jiolojia, sembuse bodi. Wanunuzi wa chakavu nao wasipate hasara, walipwe bei ileile ya mzani na nyongeza kidogo. Atakayeipata bodi kama hii asiiunganishe na umeme, aipanguse vumbi kwa brashi laini na kuihifadhi ndani ya bahasha ya kaki badala ya mfuko wa plastiki.

Yangu nimeifunga kwenye ubao wa mninga na kuzizungushia zile chipu nne rangi nyekundu, na wiki ijayo naipeleka kwa wanafunzi wa kidato cha nne wa shule ya jirani. Ile nusu nyingine yenye udhibiti bado naitafuta, na atakayeiona kwenye rundo namsihi asiivunje.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa Fizikia,
Dodoma