Bodaboda wa Majengo, asante kaka

Wadau, kuna bodaboda wa pale soko la Majengo Dodoma, jina sikumuuliza, lazima nimshukuru hadharani. Nimehamia huku kikazi, saluni nilizoingia ni mashine tu na mziki mkubwa, shingo ikajaa vipele mpaka kola inauma. Nikamwambia natafuta kinyozi wa zamani, wa mkasi na wembe, akampigia babu mmoja kuhakikisha yupo, akanipeleka mpaka chini ya mwarobaini, na hakuondoka, akamwambia "babu, huyu ana vipele, mfungulie wembe mpya", ukatolewa kwenye karatasi yake naona, spiriti ikapita, ndevu zikanyolewa taratibu kufuata zinakolalia. Nauli buku, hela ya kunisubiri kakataa kabisa! Bodaboda wengine igeni jamani, wageni tupo wengi mjini.