Hela za chaneli ya jamii: tujue kanuni kabla ya kikao cha bajeti

Ndugu zangu, habari za jioni. Wengi mmeuliza inakuwaje kituo cha chaneli yetu ya jamii, yaani chaneli ya kebo ya vipindi vya wakazi wenyewe, kinanunua kamera mpya huku saa za studio zinapunguzwa. Jibu liko kwenye sheria ya televisheni ya kebo ya Marekani ya mwaka 1984. Kampuni ya kebo hulipa jiji ada isiyozidi asilimia 5 ya mapato yake ya kebo. Juu ya hapo jiji linaweza kudai fedha za vifaa na majengo ya chaneli za jamii: kamera, taa, mitambo ya kuhariri. Mshahara wa fundi na bili ya umeme havimo, vinahesabiwa ndani ya ile asilimia 5. Na sheria hiyo hailazimishi jiji kuipa chaneli hata senti moja ya ada!

Hapo ndipo pa kukazania. Watu wanaikimbia kebo, wanahamia intaneti, na mfuko unazidi kupungua. Tujitokeze kikaoni, tuombe jiji waziwazi fungu la uendeshaji, yaani la mishahara na umeme, kutoka kwenye ada hiyo. Mama zetu wanaofuatilia kipindi chetu cha afya kwa Kiswahili nao waje waseme wenyewe. Mkalimani nitamwomba mapema. Anayekuja aandike jina hapa leo, tafadhali.