Risala ya Wanufaika kwa Mgeni Rasmi katika Uzinduzi wa Tathmini ya Mpango wa Makazi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa meza kuu, maafisa ustawi wa jamii, wanufaika wenzetu, mabibi na mabwana,

Itifaki ikiwa imezingatiwa, tunakushukuru kwa kukubali kuja kuzindua tathmini ya mpango wa serikali wa kuwasaidia watu wasio na makazi. Tunaokusomea risala hii ni watu tuliowahi kulala nje, pamoja na wahudumu waliokuwa wakitufuata huko usiku. Wengi wetu sasa tuna vyumba. Mpango huu umetufaa, na tunalisema hilo mbele ya kadamnasi kabla ya kusema lingine lolote.

Ombi letu kubwa ni moja, Mheshimiwa. Tathmini hii imfuate mtu baada ya kukabidhiwa ufunguo. Taarifa tulizozoea kuzisikia hukomea mlangoni: vitanda vingapi vimetolewa, blanketi ngapi, sahani ngapi za chakula, bajeti imetumika kwa kiwango gani. Kazi hiyo imefanyika kweli na wahudumu wanastahili pongezi. Lakini mtu akilala kituoni siku 90 mfululizo, daftari la kituo huandika huduma 90. Mwenzake akipatiwa chumba kesho yake na asirudi tena, daftari huandika huduma moja. Kwa hesabu hiyo, kituo kilichoshindwa kumtoa mtu pale kinaonekana kimefanya kazi kubwa kuliko kile kilichompatia kwake. Anayepanga bajeti kwa kusoma daftari hilo ataongeza vitanda kila mwaka, na kila mwaka vitajaa.

Wapo waliopima vizuri zaidi. Nchini Kanada, kati ya mwaka 2009 na 2013, serikali iligharimia jaribio katika miji mitano, yaani Vancouver, Winnipeg, Toronto, Montreal na Moncton. Lilihusisha watu wapatao 2,000 wasio na makazi na wenye maradhi ya akili. Waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilipewa nyumba moja kwa moja, bila sharti la kuacha kwanza pombe au kuanza tiba, likapewa na wahudumu wa kulitembelea. Kundi la pili liliendelea na huduma zilizokuwapo. Watu walifuatiliwa kwa miaka miwili. Katika miezi sita ya mwisho, asilimia 62 ya waliopewa nyumba walikuwa na makazi muda wote, na katika kundi la pili walikuwa asilimia 31.

Tunakuomba uitazame hiyo 31, Mheshimiwa. Hao walipata makazi wakayashika bila msaada wa mpango mpya. Kama kundi la pili lisingekuwapo, mafanikio yao yangeandikwa kwa jina la mpango. Ndiyo maana tunasema tathmini isiyolinganisha na watu ambao hawajafikiwa itatupa majibu matamu tu.

Ripoti ile ya Kanada haikuficha mengine pia. Asilimia 16 ya waliopewa nyumba hawakuwa na makazi kabisa katika kipindi hicho cha mwisho. Kuhusu afya ya akili na matumizi ya dawa za kulevya, makundi yote mawili yalipata nafuu iliyokaribiana. Nyumba iliondoa ukosefu wa nyumba. Maradhi na uraibu vilihitaji huduma yake. Tungependa tathmini yetu nayo iwe na ukurasa wa wale ambao mpango umewashinda, wameondoka kwa nini, na wako wapi.

Upande wa gharama tutasema kidogo. Kwa asilimia 10 ya washiriki waliokuwa wakitumia huduma nyingi zaidi, kama hospitali na mahabusu, kila dola 10 zilizotumika ziliokoa zaidi ya dola 20. Kwa wengine akiba haikufikia gharama. Tunaomba mtathmini alipime hilo kwa haki, wala mtu asiachwe kulala nje kwa sababu hakuwa ghali vya kutosha.

Jambo linalotugusa zaidi ni namna ya kuhesabu. Katika jimbo la Utah, Marekani, ilitangazwa mwaka 2015 kwamba watu waliokosa makazi kwa muda mrefu wamepungua kwa asilimia 91 tangu mwaka 2005. Habari hiyo ilienea duniani. Baadaye wachambuzi walionyesha kuwa utaratibu wa kuhesabu ulikuwa umebadilishwa katikati, kwa hiyo sehemu ya upungufu huo ilikuwa ya kwenye karatasi. Watu walipewa nyumba kweli huko, na ilikuwa kazi njema. Lakini takwimu ikishatiliwa shaka, hata kazi ya kweli iliyo nyuma yake inatiliwa shaka, na wanaoumia ni wale ambao bado wanasubiri.

Hesabu ya usiku mmoja nayo ina mapengo. Anayepita na tochi na fomu huwaona waliolala barazani. Mwanamke anayeogopa kubakwa halali mahali pa wazi: anatembea mpaka alfajiri, au anakaa kwenye benchi la wanaosubiri daktari kana kwamba naye ana mgonjwa. Kijana anahamahama kwa marafiki mpaka wamchoke. Ufini huwahesabu pia wanaojisitiri kwa muda kwa ndugu na marafiki, na hata hivyo idadi ya wote wasio na makazi nchini humo imeshuka kutoka zaidi ya 16,000 mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi chini ya 4,000 mwaka 2022. Kumbe inawezekana kuhesabu watu wote na bado kupiga hatua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tumewahi kuulizwa, "Umeridhika na huduma?" na mtu yule yule mwenye orodha ya vitanda vya usiku huo mkononi. Nani angejibu hapana? Tunaomba wadodosaji wasitoke miongoni mwa wanaogawa huduma, na baadhi yao watoke miongoni mwetu baada ya kupewa mafunzo. Majina yatakayokusanywa yasifike polisi wala kwa wenye nyumba. Mtu aliyepewa chumba atembelewe tena baada ya miezi sita, baada ya mwaka, na baada ya miaka miwili, aulizwe kama kodi inalipika, kama mlango unafungika, kama ana mtu wa kumjulia hali akiugua. Hilo la mwisho huwa halimo kwenye dodoso, na wapo wenzetu waliorudi barabarani kwa upweke huku chumba kikiwa kimelipiwa.

Mwisho, tunaomba ripoti itolewe hadharani, nzima, hata kama ina mabaya, nasi tusomewe kabla ya bajeti ijayo kupitishwa. Wenzetu waliojitolea kwa mafunzo ya udodosaji wapo humu ukumbini na orodha yao iko mezani kwako. Wako tayari kuanza siku utakayoagiza.

Naomba kuwasilisha.