Posa imerudi kisa mjomba alikuwa kichaa

Mhariri, naomba kanafasi nimjibu yule msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba wazazi wachunguze ukoo kabla ya kupokea posa, eti kichaa ni cha damu. Barua yake imesomwa mpaka kijiweni kwetu hapa Makorora, mzee mmoja akaikata na wembe akaitia mfukoni.

Sisi yametukuta. Mdogo wangu alipeleka posa Pongwe, bahasha na hela yake ndani, mshenga mtu mzima anayeheshimika, wiki mbili kimya afu barua ikarudi hata gundi haijabanduliwa. Sababu tukaja kuisikia mtaani, kumbe mjomba wetu ndo yule aliyekuwa anazunguka soko la Mgandini na makoti matatu juani. Ni kweli ni mjomba wetu, hatumkatai.

Ingekuwa selimundu ningenyamaza, ile ni kinasaba kimoja, yaani chembe moja ya urithi, mnapima damu wote wawili mnajua mmesimama wapi. Huu wa mjomba, madokta wanauita skizofrenia, hauko hivyo. Utafiti mkubwa wa 2022 ulikuta sehemu 287 za vinasaba zinazohusika, na kila moja inachangia kapunje tu, mimi ninazo kadhaa na wewe unayesoma unazo. Kwa watu wa kawaida huupata kama mmoja katika 100, mtoto wa mgonjwa kama kumi, mpwa ni kama watatu au wanne hivi. Tena mapacha waliotoka yai moja, damu ile ile, mmoja akiugua basi nusu ya wenzao au zaidi hawaugui maisha yao yote, sasa kama ni damu tu mbona?

Kinachobaki ni maisha yenyewe. Kipigo na manyanyaso ya utotoni, hata njaa ya mama mwenye mimba, maana kule Uholanzi watoto waliotungwa kwenye ile njaa ya vita ya 1944 kuingia 1945 walikuja kuugua kama mara mbili ya wenzao. Na bangi. Hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu mama anasema mjomba alianza kuvuta ana miaka 14, wako watano nyuma ya mitumbwi, na wale wanne wengine wako wazima mpaka leo, mmoja ana wajukuu saba, ndo maana vijana wanabisha kwamba bangi haina neno. Kwa wale haikuwa na neno. Kwa mjomba ilikuta mlango umeegeshwa tu.

Kwa hiyo kama kwenu kuna mgonjwa, kazi ni kumkalia macho kijana asiguse ule moshi, na akianza kujifungia ndani na kuongea peke yake mpelekeni hospitali mapema. Sisi tulizunguka kwa waganga miaka sita, wakati Lutindi kule milimani Korogwe wanatibu wagonjwa wa akili tangu enzi za Mjerumani. Miaka sita, jamani.

Halafu kitu kimoja. Siku mshenga wetu anarudishiwa barua alikaribishwa chai, akaona mwenye nyumba anakunywa yake bila sukari, akamuuliza vipi, akajibiwa ana ugonjwa wa sukari, hata marehemu baba yake alikuwa nayo. Sisi kwenye posa hilo hatukuuliza.

Msomaji wenu,
Makorora, Tanga